Safari ya shopping Uhispania iliyoishia msibani Jeddah: tuliachwa mimi na mama wa bosi nje ya duka, Sevilla

Wakuu, salamu kwenu wote, mlio kazini na mliojilaza na simu.

Mimi humu ni msomaji tu. Sina nyuzi, sina likes, sijawahi kubishana na mtu. Ila juzi kuna mmoja wetu aliuliza ni miji gani ya Uhispania inafaa kwa day trip na shopping kama umefikia upande wa Malaga. Watu wakamjibu vizuri, Granada kuna kasri, Sevilla kuna maduka, beba viatu vya kutembelea.

Nikaanza kuandika comment. Nikafuta. Nikaandika tena. Mwisho nikaona heri nifungue uzi wangu mwenyewe.

Haya yalinipata mimi, sikuhadithiwa. Sitatia chumvi. Majina ya ile familia nimeyaweka kando kwa sababu marehemu alikuwa mtu wa heshima na waliobaki wana watoto. Ni mrefu kidogo, kwa hivyo mwenye haraka apite tu, hatugombani.

Mimi ni Mtaita, nyumbani ni Voi. Nilienda Saudia miaka ile ambapo kila mtaa ulikuwa na binti aliyeenda au anayengoja visa, na ma-agent walikuwa wanakuja hadi harusini kutafuta watu. Nilimwachia mama mtoto wangu, nikapanda ndege.

Jina langu ni Wakesho. Kule wakalikata, nikawa Kesho. Hawakujua lina maana gani kwa Kiswahili. Ochieng, dereva wa familia, mtu wa Siaya, kila akiniona na ndoo alikuwa ananiuliza, "Kesho, leo nani anafanya kazi?"

Nilianzia Jeddah. Kazi yangu ilikuwa moja, kumtunza mama mzazi wa bosi. Kila mtu alimwita Hajja, na mimi nikawa namwita Mama Hajja.

Alikuwa anaishi ghorofa ya pili kwenye nyumba ya zamani karibu na Bani Malik. Majirani zake wote wa zamani walikuwa wameshahamia kaskazini mwa mji kwenye nyumba mpya. Yeye aligoma. Mtaa ukajaa wageni, Wayemeni, Wabangladeshi, Wasudani, sisi, na yeye bado yuko pale pale dirishani na kikombe chake cha chai.

Alikuwa mfupi, mnene kiasi, mkali wa maneno na mwepesi wa kucheka. Akiona Mwafrika anapita chini ananiita mbio, "Kesho, Kesho, yule si wa kwenu?" Nikimwambia huyo ni Msudani, mimi Mkenya, anasema, "Msalimie tu, atafurahi."

Yeye ndiye aliyenifundisha Kiarabu. Nikikosea ananizomea, nikipatia ananipa kipande cha halua. Kwa kweli wakuu, kuna wenzangu walipata nyumba za mateso, nimesoma nyuzi zao humu nikalia. Mimi kwa Hajja sikuteseka.

Kisha akaanguka bafuni, akavunjika nyonga.

Mwanawe, yule tuliyemwita baba, alikuwa anafanya kazi Riyadh, ofisi za Olaya, mtaa wa wenye vyeo. Akaja, akafunga ile nyumba, akatuhamisha wote wawili.

Na hapa lazima nimtendee haki. Baba alimpenda mama yake. Asubuhi kabla ya kwenda kazini alikuwa anaingia chumbani, anambusu kichwani, anamuuliza amelalaje. Kucha zake alikuwa anamkata mwenyewe, hataki mimi nimkate.

Lakini chumba tulichopewa kilikuwa nyuma, na dirisha linatazama ukuta. Hajja aliyezoea kuangalia dunia nzima ikipita akawa anaangalia ukuta.

Akaanza kunyamaza. Neno lake likawa moja tu. "Lini Jeddah?"

Baba anajibu, "Inshallah, mama."

Madam, mke wa baba, naye hakuwa shetani. Hajawahi kuninyanyulia mkono, na nilikula walichokula. Ila mgonjwa nyumbani alimchosha, na hakuficha. Hajja akiita mara mbili, madam anafunga mlango wa chumba chake.

Basi ikafika likizo ya kiangazi, wakaamua kwenda Uhispania. Baba, madam na mabinti zao wawili, wanafunzi wa sekondari. Madam alitaka Hajja abaki na mimi Riyadh. Baba akakataa, akasema hawezi kumwacha mama yake na mtumishi peke yake nchi nzima. Hajja mwenyewe alisema mbele yangu, "Mimi sitaki hiyo Andalusi yenu ya Uhispania. Nataka nyumbani kwangu."

Baba akacheka, akamshika mkono. "Mama, utaona makasri ya wazee wetu. Utafurahi."

Siku ya kuondoka Ochieng alitupeleka airport. Wakati wa kushusha mizigo akaninong'oneza, "Dada, ukifika Ulaya fungua macho. Wengine wanaomba kwa Mungu nafasi kama hiyo. Usirudi."

Nikamwambia, "Na huyu mzee nimwache na nani?"

Akatingisha kichwa. "Wewe utakufa maskini."

*

Naendelea. Nimeona mmoja hapo chini ameuliza kwa nini sikutoroka. Mkuu, soma kwanza. Utaona kwamba kuna siku walidhani nimetoroka.

Tulifikia nyumba ya kukodi mlimani, nje kidogo ya Malaga. Pasipoti yangu ilikuwa kwenye mkoba wa madam. Simu yangu ilikuwa na laini ya Saudia, na huko ilishika wifi ya nyumbani tu. Ukitoka getini imekuwa kioo cha kujitazamia.

Walikodi gari dogo la abiria, dereva wake Mmorocco, mtu mzima, anaongea Kiarabu cha kwao ambacho hata wao walikuwa wanakiomba kirudiwe. Kila baada ya siku moja ya kupumzika tunatoka kwenda mji fulani.

Ratiba ilikuwa ile ile. Mnafika, mnaangalia jengo la zamani kidogo, mnapiga picha. Halafu maduka hadi mchoke.

Kazi yangu ilikuwa kusukuma kiti cha magurudumu. Nilibeba begi la dawa, kwa sababu Hajja alikuwa na sukari na presha, pamoja na mwavuli na maji.

Malaga mjini kuna barabara ya maduka iliyopigwa marumaru, inateleza kama sakafu ya hoteli. Kusukuma kiti hapo ni raha. Shida ni kwamba mabinti walipochoka kubeba walianza kutundika mifuko kwenye mishikio ya kiti. Mifuko ya viatu, ya manukato. Mishikio ikijaa, wanaiweka mapajani mwa bibi yao.

Tulipofika mwisho wa ile barabara ulikuwa huoni mtu, unaona mifuko na mtandio.

Hajja akaniambia kwa sauti ya chini, "Kesho, mimi ni punda wa sokoni." Tukacheka sisi wawili. Sasa nikikumbuka kile kicheko siwezi kucheka tena.

Granada ndiyo siku pekee iliyokuwa nzuri. Lile kasri kuta zake zimechongwa maandishi ya Kiarabu kuanzia chini hadi juu. Wazungu walikuwa wanapiga picha bila kujua kimeandikwa nini. Hajja akaniambia nisimamishe kiti. Akainua kidole, akaanza kusoma kwa sauti, pole pole, neno moja baada ya jingine, kwamba hakuna mshindi ila Mungu.

Sauti yake ilirudi. Ile sauti ya dirishani, ya Jeddah. Watu wakasimama kumsikiliza. Baba alitokwa na machozi, akainama, akambusu mkono.

Niliwaza labda baba alikuwa sahihi kumleta.

Siku mbili baadaye tukaenda Sevilla.

*

Wakuu, sijui kama mnalijua joto la Sevilla mwezi wa nane. Mimi nimekaa Riyadh, sio kwamba jua ni geni kwangu. Lakini Riyadh mtu hatembei juani, unatoka kwenye AC ya nyumba unaingia kwenye AC ya gari. Huko watalii wanatembea kwa miguu.

Tuliondoka mapema, safari ikawa ndefu, Hajja hakula asubuhi zaidi ya biskuti. Dereva alitushusha akaenda kuegesha mbali kwa sababu magari hayaruhusiwi katikati ya mji. Tukaangalia kanisa lao kubwa kwa nje. Halafu madam akaulizia maduka.

Tulifika kwenye duka kubwa la ghorofa nyingi. Mbele yake kuna uwanja mdogo wenye mabenchi na miti ya machungwa. Mlangoni watu ni wengi, kuna punguzo la bei, wanaingia kama mchwa.

Baba na mabinti wakatangulia ndani. Mabinti walikuwa wamemshika mikono wanamvuta.

Madam akageuka, akakiangalia kile kiti, akaangalia umati. Akaniambia, "Kaa naye hapa kivulini. Usiondoke hapa, umesikia? Mji huu kuna wezi. Tunarudi sasa hivi."

Nikamwambia, "Madam, maji yamebaki kidogo."

"Sasa hivi, Kesho. Yalla."

Akaingia.

Mwanzoni haikuwa mbaya. Mti ulikuwa na kivuli, nikampepea kwa mtandio wangu. Hajja alikuwa anatazama watu wakipita, akanionyesha mwanamke mmoja mwenye mbwa amevalishwa nguo, akasema dunia imeisha.

Kivuli kikahama. Nikahamisha kiti. Kivuli kikahama tena, kikapanda ukutani ambako hakuna pa kuweka kiti. Nikafungua mwavuli. Maji yakaisha. Maduka madogo pale pembeni yakaanza kufunga milango, nikajua baadaye kwamba ni desturi yao, mchana wanafunga wanakwenda kupumzika. Uwanja ukabaki mtupu. Tumebaki sisi, njiwa, na lile duka kubwa.

Nilikwenda mlangoni mara kadhaa nikachungulia, hatua chache tu, nikiwa namwona Hajja. Mlinzi ananitazama. Sioni mtu wangu.

Hajja akaniuliza, "Wamemaliza?"

Nikamwambia, "Bado kidogo, mama."

Muda ukaenda. Nikamgusa uso, ulikuwa wa moto na mkavu. Jasho lilikuwa limekatika. Akaanza kuongea na mtu ambaye hayupo, anamwambia afunge dirisha, vumbi linaingia.



Nimeambiwa nisiondoke. Simu haina mtandao. Sina pasipoti. Sijui hata neno moja la lugha yao. Nikiingia na kiti ndani ya lile duka la ghorofa nyingi nitawatafuta wapi, na huyu atakuwa anazidi?

Nikaona msalaba wa kijani unawaka mwisho wa uwanja. Nikajua hilo ni duka la dawa. Nilitoa breki ya kiti nikakimbia nacho. Mwavuli niliuacha pale pale chini.

Mama mmoja wa makamo, mwenye duka, alikuwa anakaribia kufunga. Alimtazama Hajja mara moja tu. Hakuniuliza kitu. Alituingiza ndani, akalowesha taulo, akamfunika shingo na kwapa, akapiga simu huku ananionyesha kwa mkono niendelee kumpepea.

Ambulensi ikaja. Sasa hapo, wakuu.

Yule mama alinionyesha kwa ishara, unaenda naye? Mimi nikamwonyesha lile duka kubwa kule, nikasema "baba, madam", nikaweka mkono kama mtu anayeshika mifuko. Alielewa. Akajipiga kifua, akaonyesha chini, yaani yeye atabaki pale, atawaambia.

Nikapanda. Singeweza kumwacha Hajja mikononi mwa watu ambao hawezi hata kuwaomba maji.

Ndani ya ambulensi walimwekea dripu. Karibu na kufika hospitali alifungua macho. Alinitazama vizuri kabisa, akanitambua, akasema, "Kesho."

Nikasema, "Niko hapa, mama."

"Wamemaliza?"

Nikamwambia, "Ndio mama, wanakuja."

Akasema, "Wakija niamshe."

Akafumba macho.

Hospitali walimchukua mbio, mimi wakaniacha kwenye korido. Nilikuwa nimeshika viatu vyake, vile vya ngozi laini alivyonunuliwa kwa ajili ya ile safari. Daktari kijana alikuja akanieleza kitu kwa lugha yao, halafu kwa Kiingereza pole pole. Moyo umeshindwa. Joto, sukari, umri. Wamejaribu.

Nilikaa chini sakafuni. Mimi si ndugu yake, lakini ndugu hawakuwepo.

*

Walifika jioni, na polisi wawili.

Mjue kilichotokea upande wao. Walitoka dukani wakakuta mwavuli chini na benchi tupu. Madam akasema mtumishi ametoroka, amemwacha mzee sehemu fulani. Wakaenda polisi kwanza. Wakatoa pasipoti yangu, wakaonyesha picha yangu. Yule dereva Mmorocco, alipoitwa, ndiye aliyeanza kupita duka kwa duka akiuliza. Mama wa duka la dawa alikuwa amekaa mlangoni kwake, hakwenda kupumzika wala kwenda kula. Anangoja mtu aje aulize.

Basi wakaingia korido ile. Polisi mmoja alitazama picha, akanitazama mimi, akatazama viatu mkononi mwangu. Akaikunja karatasi yake akaiweka mfukoni.

Baba alipita mbio bila kuniona, akaingia chumbani. Nilisikia sauti yake. Sitaielezea.

Madam alinishika mkono wa juu kwa kucha. "Nilikwambia usiondoke!"

 

Siku zilizofuata zilikuwa za karatasi za ubalozi na simu. Wanawake wa Kimorocco wa msikiti mmoja ndio waliomwosha. Mimi ni Mkristo, nikangoja nje mlangoni. Mmoja wao akatoka akaniletea mtandio wa Hajja, akaniwekea mabegani.

Tukarudi naye Jeddah. Angalau hilo alilipata.

*

Baba alifungua ile nyumba ya Bani Malik kwa ajili ya msiba. Vumbi lilikuwa limelala juu ya kila kitu. Tulifagia mimi na binti mmoja Mganda waliyemwazima kwa jamaa zao, na matanga yakaanza, wanawake ndani, wanaume wakakodishiwa ukumbi mtaa wa pili.

Nilipitisha kahawa na tende. Kila nikiingia sebuleni mazungumzo yanapungua. Shangazi mmoja alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani, akamuuliza mwenzake, "Ndiye huyu aliyemzungusha juani?"

Hapo ndipo nikaelewa kile walichoambiwa.

Madam alinifuata jikoni, akafunga mlango. Hakuwa mkali. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala.

"Kesho, sikiliza. Baba atakuuliza. Mimi nilimwambia kwamba mlikaa ndani, kwenye mgahawa wa duka, kwenye AC. Kwamba wewe ndiye uliyetoka naye. Usibishe. Na ukiulizwa Hajja alisema nini, sema alilala tu, hakusema kitu. Moyo wake utatulia." Akautazama mlango. "Ukifanya hivyo utaenda kwenu vizuri. Nitahakikisha."

Na nisipofanya hivyo? Hakusema. Mliokaa kule mnajua, bila bosi kukugongea ruhusa ya kutoka, hutoki. Mkataba wangu ulikuwa karibu kuisha. Mtoto wangu alikuwa ameanza kuongea na mimi kwenye simu kama anaongea na mwalimu.

Sikulala vizuri. Niliwaza kusema uongo, ni sentensi moja tu. Lakini pia niliwaza nitaishi Voi miaka mingapi huku Jeddah kuna watu wanaamini kwamba Hajja niliyemwogesha kwa mikono yangu nilimuua kwa uzembe.

Siku ya mwisho ya matanga, baada ya wageni wa mchana kuondoka, baba akaja jikoni. Alikuwa amekonda. Aliegemea friji.

"Kesho. Mlikuwa mmekaa wapi?"

Nilikuwa naosha vikombe. Nikafunga bomba.

"Nje, baba. Chini ya miti, mbele ya mlango."

"Si mliambiwa mkae kwenye mgahawa?"

Nilinyamaza. Nilimwona akinielewa kupitia ule ukimya wangu. 

"Muda wote?"

"Muda wote, baba. Alipozidiwa nikampeleka kwenye duka la dawa."

"Alisema kitu?"

Wakuu, nilifungua mdomo nikiwa bado sijaamua. Maneno yakatoka yenyewe.

"Aliuliza kama mmemaliza. Nikamwambia mnakuja. Akasema, wakija niamshe."

Hakulia. Alikaa chini, pale pale kwenye sakafu ya jikoni yenye maji, na kanzu yake nyeupe, mtu mzima mwenye ofisi Olaya. Akashika kichwa.

Nilitaka kumgusa bega, lakini mimi ni nani? Nikaokota kitambaa, nikaanza kufuta maji yaliyokuwa yanamfuata.

Jioni ile shangazi yule aliyeniangalia vibaya alikuja jikoni mwenyewe, akachukua sinia mkononi mwangu, akasema, "Kaa chini, ule." Kwa hivyo najua baba alisema kitu huko sebuleni. Alichosema sikukisikia.

Madam hakunisemesha tena, hadi mwisho.

Sikurudi Riyadh. Baba alinitafutia ruhusa ya kuondoka kutoka Jeddah, na akanipeleka airport yeye mwenyewe.  Tulipita Sharafiya, mahali nilipokuwa naenda kutuma pesa nyumbani na kununua kadi za simu, nikawaza kwamba maisha yangu ya huku yamekwisha.

Alinishushia begi. Akanipa pasipoti mkononi. Nikasema ahsante baba, Mungu akufariji.

Alibaki amesimama. Kisha akasema, sio kwa hasira, alikuwa kama mtu anayeomba, "Ningeweza kushuka chini kuwaangalia. Sikushuka." Akashika mlango wa gari. "Kesho, laiti ungeniambia alikuwa amelala."

Akaingia kwenye gari.

*

Ndio hivyo. Ni miaka sasa. Nina kibanda changu cha kushona hapa Voi, mwanangu ni mkubwa. Wakati mwingine kuna namba ya Saudia inanipigia, nikipokea hakuna anayeongea, inakatika. Sijui ni yeye au ni watu wa mitandao ya simu tu.

Kwa dada zangu mnaokwenda kazi na mnaosafirishwa na mabosi likizo: shikeni kichwani namba ya bosi, sio kwenye simu. Jueni jina la mahali mnapolala. Na mkiachiwa mgonjwa sehemu ambayo roho haikubali, kataeni pale pale, mbele ya watu, kwa sauti. Kelele zitaisha. Mimi niliambiwa "sasa hivi" nikaheshimu.

Na kwa yule aliyeuliza kuhusu day trip: nenda ndugu, miji ni mizuri. Ukiwa na mzee wako, ingia naye dukani. Akikuchelewesha, akucheleweshe.

Sasa naomba mnisaidie, hasa mliozika wazazi mkiwa mbali nao. Mngekuwa mahali pangu jikoni pale, mngemwambia? Na mngekuwa baba, mngetaka kuambiwa?

Nasoma zote. Hata za kunilaumu.